Sura ya Tano: Kalenda ya Upepo

Mtu anayepanga safari ya kupiga picha pwani huanza kwa kuuliza habari za mvua. Anataka ajue ni mwezi gani hainyeshi, na akishajibiwa anakata tiketi. Kwa anayekwenda kupumzika, swali hilo linatosha. Mpiga picha linamfikisha Unguja au Diani mwezi wa Februari, anga halina wingu la maana, jua la saa tatu asubuhi limekwisha kuwa kali, na mpaka alasiri kila anachokipata ni kile kile kilichoko kwenye kalenda za ukutani: mchanga mweupe, mnazi mmoja, maji ya buluu. Hakulowana, ni kweli, ila amerudi na picha ambazo wenzake walishazipiga.

Mabaharia wa pwani hii hawakuanza na mvua. Walianza na upepo, wakaufuata mwezi, mvua wakaiweka mwisho. Mimi naona mpiga picha naye afuate mpango huo huo, kwa sababu vitu vingi anavyovitaka, yaani matanga, mawimbi, rangi ya maji na watu wakiwa kazini, vinaendeshwa na upepo na mwezi kuliko mvua.

Tuanze na upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi, bara la Asia likiwa limepoa, hewa inateremka kutoka huko ikivuka Bahari ya Hindi, nasi tunapata Kaskazi. Ikifika Aprili au Mei mambo yanageuka. Asia inapata joto, hewa inavutwa kurudi kaskazini, na Kusi inaanza kuvuma kwetu kutoka kusini-mashariki. Inashika nguvu Juni, Julai na Agosti, miezi ya kipupwe, kisha inalegea Septemba na Oktoba, kipindi cha Demani. Kati ya pepo hizi mbili kuna siku za maleleji, upepo unapoyumba huku na huko na bahari inalala kabisa.

Jambo la kwanza ambalo upepo unaliamua ni upande wa kukaa. Kusi ikivuma, pwani yote ya mashariki ya Unguja, kuanzia Makunduchi, Jambiani, Paje hadi Bwejuu, inapigwa usoni. Wakati huo huo Kendwa na Mji Mkongwe wamekingwa na kisiwa chenyewe, na maji yao yametulia. Kaskazi ikiingia, zamu inabadilika: Nungwi na Matemwe wanapokea upepo, na walioko Kizimkazi na Fumba wanastarehe. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi tu, kwa hiyo siku moja unaweza kupiga bahari mbili zisizofanana hata kidogo, ukijua gari lielekee wapi. Anayelalamika kwamba "bahari imechafuka" mara nyingi amekaa upande usiofaa.

La pili ni rangi ya maji. Malindi ni mfano mzuri. Mto Sabaki unamwaga baharini tope jekundu kutoka bara, kaskazini kidogo tu ya mji. Kusi ikivuma, tope hilo linasukumwa kuelekea kaskazini, mbali na mji. Mvua za vuli zikinyesha bara na Kaskazi ikaingia, linateremka mpaka ghuba ya Malindi na maji yanakuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Aliyekwenda kutafuta buluu atasikitika. Mimi ningemshauri abaki, apande mahali pa juu, apige mpaka ule ambapo maji mekundu yanakutana na maji safi. Ni picha ambayo Unguja haiwezi kuitoa.

Kaskazi ina mambo yake yasiyopatikana wakati mwingine. Kisiwani Mafia, papa potwe wanakuwa wengi karibu na pwani kati ya Oktoba na Machi, na maji huwa safi zaidi kwa wanaopiga picha chini ya bahari. Khori ya Mida karibu na Watamu inajaa ndege wahamiaji waliokimbia baridi ya kaskazini ya dunia. Kusi nayo, pamoja na kuchafua bahari, inaleta nyangumi. Wanatoka maji ya baridi ya kusini na kupita mbele ya pwani ya Kenya na Tanzania kati ya Julai na Oktoba, na mara nyingi wanaonekana kwa wepesi zaidi bahari inapoanza kutulia.

Lakini sababu kubwa ya mimi kuipenda Kusi ni mawingu. Kaskazi, hasa Januari na Februari, ni msimu wa joto la nyuzi 32 au zaidi na mwanga bapa usio na kina. Julai joto la mchana linashuka hadi nyuzi 28 hivi, na anga linapitiwa na mawingu manene yaliyokatika vipande, yanayodondosha rasharasha ya dakika kumi na kuendelea na safari. Kati ya wingu na wingu jua linatua juu ya tanga moja na kuliacha jingine gizani. Hayo ndiyo mambo ambayo mpiga picha angelipia fedha studio, na hapa anayapata bure kwa kukaa tu na kusubiri.

Ndani ya msimu kuna upepo wa kila siku pia. Alfajiri mara nyingi unakuwapo umande, upepo mwanana wa kutoka nchi kavu, ambao wavuvi wanautumia kutoka. Mchana bahari inarudisha upepo wake, nao wanarudi nao. Bagamoyo inatazama mashariki. Asubuhi, basi, utaziona ngalawa kwa mgongo, zinaingia ndani ya jua, matanga meusi kabisa mbele ya mwanga. Alasiri jua liko nyuma yako, nazo zinakujia usoni, tanga zima limejaa mwanga na kila kiraka kinahesabika. Ni ufuko ule ule na vyombo vile vile. Amua mapema unataka picha ipi, maana lenzi na mahali pa kusimama havitakuwa vile vile.

Aliyewahi kuiishi kalenda hii akiwa na kamera mkononi ni Alan Villiers, baharia wa Australia. Desemba 1938 alipanda jahazi la Wakuwait pale Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, akateremka nalo kwa Kaskazi: pwani ya Somalia, Lamu, Mombasa, Zanzibar, hadi maingilio ya Rufiji kufuata boriti za mikoko. Hakuweza kuharakisha wala kuchelewesha safari. Walikaa Rufiji mpaka kazi ikaisha, wakarudi kaskazini upepo ulipowaruhusu. Picha alizorudi nazo ni miongoni mwa kumbukumbu bora tulizonazo za majahazi ya masafa marefu katika siku zake za mwisho. Naamini ubora wake unatokana na ule utumwa wa upepo. Mtu aliyekaa miezi kwenye sitaha hapigi picha ya jahazi. Anapiga picha ya watu waliokwisha kumsahau.

Sasa mwezi, ambao wageni karibu wote wanausahau, na hata sisi wenyeji wa bara.

Maji ya pwani yetu yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50. Siku za bamvua, baada tu ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Unguja hufika mita nne hivi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo inaweza kushuka hadi mita moja tu. Hayo yanafahamika. Kinachosahaulika ni kwamba bamvua ina saa zake, na saa hizo hazibadiliki mwaka mzima. Kwa Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku.

Tafakari maana yake. Ile bahari inayokimbia mpaka mwambani, ikiacha mchanga wa kilomita nzima, mashua zimelala ubavu na kina mama wako katikati ya mashamba ya mwani, inatokea saa nne asubuhi, jua likiwa juu na kali. Haitokei mapambazuko. Haitokei machweo. Anayesubiri aone pwani ya Jambiani imekauka kabisa jua linapochomoza, siku ya mwezi mpevu, atasubiri mpaka azeeke.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuikubali saa nne na kuifanyia kazi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kazi yao inafuata bamvua kwa sababu ndipo maji yanapotoka shambani. Ukitaka kuipiga kazi hiyo, huna saa nyingine. Mwanga wa juu, ukiingia kwenye maji ya vifundoni juu ya mchanga mweupe, unarudi juu na kuziangazia nyuso kutoka chini, ukiondoa vivuli vizito vya machoni. Msimu wa Kusi, wingu likipita, kuna dakika chache ambazo mwanga ni laini kama wa dirishani.

La pili ni kutafuta siku ambazo maji yanapwa saa kumi na mbili. Hesabu yake ni rahisi kwa anayejua tarehe za mwezi. Maji yanapwa saa nne siku ya mwezi pili hivi, yaani siku ya pili tangu mwezi kuandama. Kila siku yanachelewa. Ikifika mwezi kumi na moja au kumi na mbili, yanapwa karibu na saa kumi na mbili, asubuhi na jioni. Yanarudia tena mwezi ishirini na sita, ishirini na saba. Hayatapwa mpaka mwambani kama ya bamvua, lakini yatatosha kuziegemeza mashua mchangani na kuacha vidimbwi vya kuakisi anga. Kinyume chake, ukitaka maji yajae wakati wa machweo, yapige ukuta wa Forodhani au bandari ya madau ya Malindi mjini Zanzibar, nenda mwezi nne au mwezi kumi na tisa.

Utaona kwamba kalenda ya Kiislamu iliyobandikwa dukani kwa muuza nazi ni jedwali la maji, tena halihitaji betri. Majedwali ya bandari yatakupa dakika kamili, nayo uyapate. Lakini kwa kupanga miezi sita kabla, tarehe za mwezi zinatosha.

Mwezi unaamua usiku pia. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza na taa zao, kwa sababu mwezi ukiwaka samaki hawafuati taa. Siku za mwezi mpevu wengi wanapumzika na kushona nyavu. Ukitaka ule mstari wa taa baharini, au dagaa wakianikwa asubuhi yake, epuka mwezi kumi hadi ishirini. Nyota nazo zinataka giza. Kati ya Mei na Septemba kitovu cha kundi letu la nyota kinapita juu sana angani kwetu kuliko kinavyoonekana Ulaya, ila Kusi ina mawingu, kwa hiyo tenga usiku kadhaa wala usitegemee mmoja. Na mwezi mpevu wenyewe una picha yake: unachomoza baharini karibu na wakati jua linapozama, na pwani ya mashariki ndiyo mahali pake.

Jua halitaki maneno mengi. Tuko karibu na ikweta, linachomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, likicheza kidogo tu. Linashuka wima, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu ambao vitabu vya Ulaya vinauita saa nzima, kwetu ni nusu saa, na giza linaingia upesi. Fika mapema. Mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba jua la adhuhuri linasimama juu kabisa ya Unguja na milingoti inakosa vivuli. Watu wa ramani wanafurahi, wapiga picha wakalale. Kumbuka pia kwamba Juni jua linazama kaskazini kidogo ya magharibi, na Desemba kusini kidogo. Ufuko unaopata machweo baharini Juni unaweza kuyapata nyuma ya minazi Desemba.

Nimeiacha mvua mwisho, si kwa dharau. Masika ni mvua ya kweli. Kosa ni kudhani pwani yote ina masika moja. Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Unguja na Dar es Salaam, lakini Mombasa na Lamu kilele chao ni Mei, kwa sababu mkanda wa mvua unapanda kaskazini ukilifuata jua. Ukiteremka Lindi na Mtwara, hesabu ya vuli na masika haipo tena: kuna msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Anayepanga kusafiri kutoka Lamu hadi Mikindani kwa kalenda moja anapanga safari ya nchi isiyokuwapo.

Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, haitabiriki kama masika. Mwaka mmoja inapita kama haikuja, mwaka mwingine inafurika, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023, pale maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kuliko ya mashariki yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa Kenya hutoa mwelekeo wa kila msimu kabla haujaanza. Usinunue tiketi ya Novemba kabla hujausoma.

Vimbunga ni nadra kwetu kwa kuwa karibu na ikweta dunia haiupi upepo mzunguko wa kutosha. Nadra, si muhali. Zanzibar ilivunjwa na kimbunga Aprili 1872. Kenneth kilipiga kaskazini ya Msumbiji, jirani na Mtwara, Aprili 2019. Jobo kilikaribia Dar es Salaam Aprili 2021 kikafifia. Hidaya kilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Miezi inajieleza. Mwisho wa Aprili usiwe kisiwani ukitegemea boti ya kurudi siku ya ndege.

Hata hivyo, mwisho wa masika ni wakati ninaoupenda kwa mitaa. Mji Mkongwe ukiwa umelowa, mawe ya njia yanaakisi kanzu na baiskeli, mbao za milango zinarudisha weusi wake, wageni ni wachache na bei za nyumba za wageni zimeshuka. Mwavuli wako ushikwe na mtu mwingine.

Vifaa ni habari ya aya moja. Chumvi inayorushwa na Kusi inaingia kila mahali, na unyevu wa pwani unaotesha kuvu ndani ya lenzi iliyofungiwa begini. Futa kila jioni, hifadhi na vipakiti vya kunyonya unyevu. Chumba chenye kiyoyozi ni adui: ukitoka alfajiri kioo kinapata ukungu na jua linachomoza bila wewe. Iache kamera begini, kibarazani, nusu saa kabla. Droni inataka kibali, Kenya, Tanzania bara na Zanzibar, na kinachukua muda.

Kuhusu watu, uliza kwanza. Mama aliyeinama shambani kwa mwani yuko kazini, si pambo. Anza na "shikamoo", sema umetoka wapi, kaa, kisha omba. Angalia pia Ramadhani, inayorudi nyuma siku kama 11 kila mwaka: mchana mji unapoa, jioni kuna futari na uhai usiopatikana miezi mingine. Mwezi wa Julai, Makunduchi wanaadhimisha Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa Nairuzi, ambao zamani ulikuwa mwanzo wa hesabu ya siku kumi kumi iliyowaongoza wakulima na mabaharia. Kusi iko katika nguvu zake, vumbi na moshi vinapeperuka vizuri.

Mtu akiniambia ana siku kumi tu na kisiwa kimoja, ningempa Unguja, mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba: Kusi imelegea, nyangumi hawajaisha, vuli haijashika. Afike mwezi kumi na moja. Siku tatu za kwanza alale Jambiani, apige mashua zilizoegama, machweo na mapambazuko. Mwezi kumi na nne na kumi na tano asihame, autazame mwezi ukitoka baharini. Kuanzia kumi na sita hadi kumi na nane yuko na wakulima wa mwani saa nne asubuhi, mchana analala. Kumi na tisa ahamie mjini, asimame Malindi jioni maji yakiwa yamejaa na madau yanatoka. Ya ishirini ni akiba, kwa ajili ya wingu lililomnyima siku moja kati ya zile. Dagaa wa giza hawamo katika siku hizo kumi. Hao wanataka safari nyingine, itakayoanza mwezi ishirini na tano.